Nukta Nyekundu kwenye Gia ya Gachoki

Njeru alisogeza gia ya pampu ya mafuta mbele jino moja, akakaza nati, kisha akachovya kijiti kwenye kopo la rangi nyeupe na kuweka doa dogo mahali alipofikia. Hilo lilikuwa jino la nne. Alirudisha kifuniko kwa skrubu mbili tu badala ya sita, maana alijua huenda akakifungua tena baada ya dakika chache. Akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Haya," akasema.

Mwongera alishika kile kidude cha juu ya silinda kinachoachia hewa ili gurudumu lizunguke bila kukabwa. Alikuwa dereva wa trekta aliyestaafu, na kila Jumamosi alitoka kwake Makutano, kule Meru, akaja mpaka Kanja kwa ajili ya mashine hizi. Njeru aliingiza mkono wa kuzungushia mahali pake, akainama, akaanza. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzito kama kawaida. Wa tatu ulilegea. Kufika wa sita gurudumu lilikuwa linavuma lenyewe.

"Achilia."

Mwongera akaachilia. Injini ikameza hewa, ikaguna mara moja, ikasimama.

"Imekataa," Mwongera akasema.

"Tumeona," akajibu Marcella kutoka kwenye debe alilokalia. "Sisi ni wazee, si vipofu."

Njeru alitazama nje ya kibanda, kuelekea nyumba. Kutoka pale hadi dirisha la chumba cha Gachoki, mwenye injini, ni hatua kumi na tano. Alikuwa amezipima asubuhi. Dirisha lilikuwa wazi, ingawa Julai hiyo ukungu ulishuka kwenye mibuni tangu alfajiri na mabati yalikuwa yakidondosha maji. Wanja, mke wa Gachoki, alilifungua kabla hawajafika, akamwongezea mumewe blanketi la pili.

Chama chao hakikuwa kikubwa. Walikuwa watu kumi na mmoja wenye mashine ambazo watoto wao walitaka kuziuza kama vyuma chakavu: mashine za kumenya kahawa za mkono, za kupukuchua mahindi, jembe moja la kukokotwa na ng'ombe, trekta lisilo na shamba la kulima. Walikutana Jumamosi, wakazisafisha, wakazipaka mafuta, na mara moja kwa mwaka wakazipeleka kwenye maonyesho ya kilimo. Walikuwa na desturi zao pia. Kila mashine ilikuwa na mkono wake, na mkono huo ulilala nyumbani kwa mwenyewe. Hakuna aliyezungusha mashine ya mwenzake mpaka apewe mkono na mwenyewe au mtu wa nyumba yake. Na mwanachama akilazwa na ugonjwa, wenzake walikwenda kwake wakaiwasha mashine yake uani ili aisikie. Hawakuwahi kuandika hayo popote. Mama Kinya alipougua mguu waliburura mashine yake ya kupukuchua hadi mlangoni, wakapukuchua gunia zima huku akiwasema kutoka kitandani kwamba wanaivunja.

Sasa ilikuwa zamu ya Gachoki, ambaye ndiye aliyewaita wote pamoja miaka tisa iliyopita. Injini yake ya silinda moja ilizungusha kinu cha posho cha Kanja kwa miaka thelathini, mpaka vinu vya umeme vilipokuja. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani Jumatatu, wakasema akae na watu wake. Siku hiyo alikuwa bado na maneno machache. La mwisho ambalo Wanja alilisikia vizuri lilikuwa "mashine". Jumanne asubuhi ulimi ulikuwa umeshafunga. Ndiyo maana leo, walipoingia uani, Wanja alikwenda chumbani, akainama chini ya kitanda, akautoa ule mkono wa chuma uliofungwa kwa gunia, akamkabidhi Njeru kwa mikono miwili.

Na injini ilikuwa haiwaki.

Wenzake walidhani ni uzee wa mashine. Njeru peke yake alijua si uzee. Mwezi wa tatu, Gachoki alipolazwa mara ya kwanza, Njeru aliomba mkono kwa Wanja, akaifungua injini yote. Hakuwahi kusomea ufundi. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, na aliyoyajua aliyapata kwa kufungua kitu pole pole, kupanga vipande juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka kwavyo, na kuandika kila kimoja kwenye daftari. Alitaka Gachoki akirudi aikute inang'aa. Alisugua kila gia kwa petroli na brashi ya waya. Kwenye gia ya pampu alikuta nukta nyekundu, kutex, ile rangi ambayo wasichana hupaka kucha. Alidhani ni mjukuu aliyecheza. Aliisugua nayo ikatoka, na kwa kuwa ilikuwa uchafu, hakuiandika. Gia aliirudisha kwa kufuata alama ya kiwandani, na tangu hapo hakuna aliyejaribu kuiwasha injini.

Juzi usiku, akigeuza daftari, ndipo aliposoma mstari wake mwenyewe aliouandika miaka mingi nyuma, alipokuwa akimsikiliza Gachoki akisimulia: *gia ya pampu si ya injini hii, ilitolewa kwa nyingine, alama ya kiwandani haifai, G. alitafuta mahali pake wiki nzima.* Gia hiyo ndiyo inayopangia injini wakati wa kupokea mafuta; isipokaa mahali pake, injini haiwaki. Wiki nzima ya Gachoki ilikuwa imebebwa na ile nukta.

Gia ilikuwa na meno thelathini na sita. Alikuwa ameanza kwenye alama ya kiwandani, akawa anakwenda jino baada ya jino upande wa kulia.

Wanja alikuja na birika la chai na nduma za kuchemsha kwenye sahani. Aliwamiminia wote, akasimama kando ya mlango.

"Anawasikia," akasema. "Ukianza kuzungusha, anafungua macho. Ikinyamaza anasubiri kidogo, halafu anafunga."

Njeru alikiweka kikombe chini bila kunywa.

"Mama Carol, rudi ndani, baridi hii itakulaza na wewe," Marcella akamwambia. Alingoja mpaka Wanja alipopotea mlangoni, ndipo akamgeukia Njeru. "Sasa wewe. Kuna kitu umekalia. Mtu hahesabu meno ya gia kama mchungaji anayehesabu sadaka, isipokuwa ana sababu."

"Nilimpigia fundi wa kule kwetu," Mwongera akasema kwa haraka, kama anayetaka kumwokoa mwenzake. "Anasema tumpelekee pampu Jumanne."

"Jumanne ni mbali," Marcella akasema.

Njeru alikaa juu ya jiwe la kinu. Akawaeleza yote kwa utaratibu wake, tangu petroli mpaka daftari, bila kujipunguzia. Alipomaliza, maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye mabati. Mwongera alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hiyo petroli ni mimi niliyekuletea," Marcella akasema hatimaye. "Na nilikaa hapa hapa nikikwambia usugue vizuri, usituaibishe kwenye maonyesho. Kwa hivyo usijibebee peke yako kama gunia la mbolea."

"Brashi niliishika mimi."

"Ulishika. Basi nenda umwambie. Bado masikio anayo."

Njeru alivua gambuti mlangoni. Chumbani kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na moshi wa kuni. Gachoki alikuwa ameegemezwa mito miwili, uso wake umeelekezwa dirishani. Alikuwa amepungua sana. Mikono tu ndiyo iliyobaki ile ile, mipana, na ule weusi wa grisi ambao haukuwahi kutoka kwenye mistari ya viganja. Wanja alimpisha Njeru kwenye kiti, lakini hakutoka.

"Gachoki," Njeru akasema, "ni mimi. Injini niliifungua mwezi wa tatu. Nilikuta nukta nyekundu kwenye gia ya pampu, nikaifuta. Sikujua ni yako. Sasa sijui mahali pake, na ndiyo maana haiwaki. Si mashine iliyokukataa. Ni mimi."

Macho ya Gachoki yalihama kutoka dirishani, yakamjia polepole. Yalikaa juu yake muda mrefu. Njeru alijaribu kusoma kama ni hasira au ni huruma, kisha akaona hana haki ya kuchagua, akaacha.

"Ile kutex ilikuwa ya binti yetu Carol," Wanja akasema nyuma yake, kwa sauti ya chini. "Baba yake alimnyang'anya akiwa darasa la nane. Msichana alilia mpaka jioni. Alimnunulia nyingine soko la Ishiara, rangi ikawa si ile."

Kitu fulani kilipita kwenye upande wa mdomo wa Gachoki ambao bado ulisogea.

Ndipo Njeru alipopata wazo. Alikichukua kiganja cha rafiki yake akakiweka ndani ya chake. "Ukiweza, nibane. Kutoka alama ya kiwandani mpaka nukta yako, ni meno mangapi? Bana mara moja kwa kila jino. Nitahesabu."

Walisubiri. Jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Kisha vidole vilibana, kidogo sana, kama vya mtoto mchanga. Moja. Vikalegea. Mbili. Njeru alihesabu kwa midomo. Baada ya tatu kulikuwa na kituo kirefu hivi kwamba alidhani imekwisha, lakini vikabana tena. Nne, tano. Jasho lilikuwa limetokea juu ya paji la Gachoki, na Wanja akalifuta kwa pindo la leso. Sita. Saba.

Baada ya saba vidole vilikaa kimya. Njeru alisubiri na kusubiri. Hakujua kama saba ndilo jibu, au ni mahali nguvu zilipoishia.

"Saba?" akauliza.

Macho ya Gachoki yalikuwa yamerudi dirishani.

Kibandani hakusema neno ila ile namba. Mwongera alikwisha kufungua kifuniko. Walisogeza gia mpaka jino la saba kulia, Njeru akatia doa, wakafunga. Safari hii Marcella aliinuka kutoka kwenye debe lake, akavua kitambaa cha kichwa na kukishika mkononi kama mtu aliye kanisani. Njeru alizungusha. Mabega yalimuuma, akazungusha zaidi ya kawaida, mara nane, mara tisa.

"Achilia."

Injini iliguna, ikapiga pumzi moja, na bomba likatoa kifundo cha moshi mweupe ambacho kilipanda kidogo na kuungana na ukungu. Kisha ikasimama.

"Mara nyingine," Mwongera akasema.

Walirudia mara nne. Moshi haukutokea tena.

Njeru aliegemea gurudumu mpaka pumzi zikamrudia. Alikitazama kifuniko, akaliona akilini doa la saba upande wa kulia, kisha upande wa pili wa alama ya kiwandani, ambao ulikuwa safi, hauna hata doa moja.

"Sikumuuliza upande," akasema.

"Upande gani?" Marcella akauliza.

"Nilimuuliza ni mangapi. Sikumuuliza kulia au kushoto. Nimeanza kulia kwa sababu mimi huanza kulia."

Mwongera alikuwa tayari ameshika spana. "Basi ni saba kushoto. Ni dakika ishirini. Hata sitakosa gari la kurudi."

Walikuwa wametoa skrubu ya kwanza Wanja alipotokea. Hakuja mpaka kibandani. Alisimama katikati ya ua, leso ameizungusha mabegani, akainua kiganja kuwazuia.

"Amelala," akasema.

Njeru alisimama wima.

"Amelala vile watu hulala," Wanja akaeleza haraka, akiona nyuso zao. "Anakoroma kidogo. Tangu Jumatatu hajapata usingizi ila wa kushtuka. Nawaomba msimwamshe."

Walitazamana. Saa kumi na mbili ilikuwa karibu, na mwanga ulikuwa unapungua kati ya mibuni. Njeru alipima moyoni. Jaribio lingine moja tu, na pengine injini ingeitika. Lakini ingemwamsha, na hakuna aliyejua usingizi ule ungemrudia vipi. Na wasipoijaribu leo, hakuna aliyejua kesho ina nini. Alipima hivyo huku na huku, kama alivyopima kila kitu, na mizani haikutaka kutulia. Mwisho aliweka spana juu ya gunia, mahali pake.

"Aachwe alale," akasema.

"Kesho ni Jumapili," Mwongera akamkumbusha.

"Kanisa litanisamehe," Marcella akasema. "Wewe utalala kwangu, kuna kitanda cha Gitari. Mwanangu hayuko, na mbu wa Kanja hawamli mtu wa Meru, ni mchungu." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na hakucheka.

Njeru alimalizia kufungua kifuniko, akasogeza gia kurudi nyuma, akahesabu meno saba upande wa kushoto wa alama ya kiwandani, akarudia kuyahesabu. Alitia doa jeupe hapo. Hakukaza nati. Alifunika gia kwa kitambaa safi, akaandika kwenye daftari: *7 kushoto, bado.* Kisha akauchomoa mkono wa injini, akaupangusa mafuta, akaufunga kwa lile gunia, akatembea zile hatua kumi na tano.

Wanja aliupokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Nitakuja kuuomba tena asubuhi," Njeru akamwambia.

"Njoo mapema."

Kutoka ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, koromo lilisikika, likakatika, likaendelea. Wote wawili walisimama wakilisikiliza mpaka likashika mwendo.

"Dirisha nilifunge?" Wanja akauliza. "Baridi inaingia."

"Lifunge sasa," Njeru akasema. "Asubuhi ulifungue."