Vioo Vilivyosuguliwa kwa Kumbi

Jumatatu asubuhi Bwana Kassamali alimwita Mwanawema kutoka uani, akamwambia aweke karai chini na afunge mlango. Mwanawema alikuwa ametimiza miaka sita akiosha vyombo vya maabara ya ile spitali ndogo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa afunge mlango.

"Kioo cha Hija kina vijiti vyekundu," alisema Kassamali.

Hija alikuwa binti wa pekee wa Mwanawema. Wiki iliyopita alikuja na bato jeupe, baka la ngozi, chini ya kiwiko, upana wa jani la mkarafuu. Kassamali, mpimaji wa maabara, alimdunga sindano penye bato kuona kama ngozi imekufa ganzi. Mara Hija akasema inauma, mara akasema hajui. Basi akambana ngozi, akaikata kidogo kwa ncha ya wembe, akakwaruza ute wa ndani na kuupaka kwenye kioo cha kupimia.

"Vingapi?" aliuliza Mwanawema.

"Vitano. Pengine sita."

"Vya maradhi makubwa?"

"Vya ukoma, Bi Mwanawema. Sina jina jingine la kukupa."

Utaratibu Mwanawema aliujua. Kila Alkhamisi daktari alikuja kutia saini. Jumamosi lori lilikuja kuchukua watu wa kupelekwa kambi ya wenye ukoma. Aliyeonekana na vijiti vyekundu alipanda, na mama mwenye kunyonyesha alipanda bila mtoto, kwani kambini watoto wachanga hawakupokewa. Hija alikuwa na mtoto wa miezi mitano, jina lake Msellem.

"Nionyeshe."

"Utaona nini, Bi? Kutazama nako kuna mafunzo yake."

"Nimekuosheeni vyombo tangu kabla ya vita. Nionyeshe."

Kassamali akampisha. Mwanawema aliinama kwenye hadubini, akaziba jicho moja kwa kiganja. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona buluu, kama maji ya kusuuzia kanzu, na ndani ya buluu vijiti vyembamba vyekundu, vimelala ubavu kwa ubavu.

"Mbona hivi vyekundu na vingine vyote buluu?"

Kassamali alipenda kuulizwa, na hata siku ile hakuweza kujizuia. "Kila kijidudu ni seli moja," alisema. "Wewe na mimi tuna seli hazihesabiki. Hiki kina moja tu. Ndiyo nyumba yake na ndiyo mwili wake. Nje pana ukuta. Nyuma ya ukuta pana utando, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ndani ya utando mna ute, na kwenye ute mna kila kitu chake, chakula na uzazi, vyote pamoja. Sasa, vijidudu vingi ukuta wao ni mtupu. Ukivitia rangi nyekundu vinaipokea, ukivimwagia tindikali vinaitoa, ndipo navipaka buluu. Hiki cha ukoma ukuta wake una nta. Rangi naiingiza kwa moto. Ikishaingia, tindikali haiitoi."

"Nta hasa? Kama ya nyuki?"

"Si ya nyuki, lakini nta. Maji hayaipati."

Mwanawema akachukua karai lake, akarudi uani kumaliza kazi ya siku.

Jioni alimwambia Hija bila kuzunguka. Hija alikuwa ananyonyesha. Alimtoa mtoto kifuani kwa haraka, mtoto akalia.

"Nisimnyonyeshe tena?"

"Mnyonyeshe. Mpaka Jumamosi ni wako."

"Na nikimwambukiza?"

"Miezi mitano mnalala shuka moja, Hija. Kama ni kumwambukiza, hizi siku tano haziongezi kitu. Mpe maziwa, usimlize."

Hija akamrudisha mtoto kifuani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mkono wenye bato aliuficha nyuma ya mgongo, kana kwamba hapo nyuma haukuwa wake.

Habari ilifika kwa mumewe kabla ya magharibi. Matano alisimama nje ya ua, hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama. N'najia baskeli yangu tu."

"Na mkeo?"

"Mama yangu kasema..."

"Sikukuuliza mamako kasema nini. Mamako hakuzaa na Hija."

Matano alitazama chini. "Basi na godoro. Godoro nililinunua mie."

Ndani Hija alicheka, kicheko kikavu. "Mpe, mama. Mpe na mto, maskini, asije akalala shingo upande."

Mwanawema akamtupia godoro kizingitini. Matano alilifunga kwenye baskeli kwa kamba, likamwangukia mara mbili njiani, watoto wa jirani wakamcheka. Mto aliuacha.

Jumanne Mwanawema aliosha vioo kama kawaida. Kabla ya vita vioo vilitumika mara moja na kutupwa. Meli zilipoanza kuwa chache, amri ikaja vioshwe na kutumika tena. Vichemshwe kwa tindikali kali, kisha sabuni. Tindikali nayo ikawa haba. Ndipo Mwanawema akafanya alivyofanya kwa masufuria yake: jivu la kuni, limau, na kumbi la nazi la kusugulia. Kassamali alipoviona mara ya kwanza vinang'aa, alimsifu mbele ya daktari. Hapakuwa na kioo kilichotoka kwenye karai lake na doa.

Alikinyanyua kimoja kwenye jua. Kiling'aa. Lakini kilikuwa na mikwaruzo, mingi, myembamba kama nywele, imepishana huku na huku. Kumbi ndilo lililokikwaruza. Mwanawema alikitazama kwa muda mrefu. Tindikali ya Kassamali huunguza kitambaa kikatoboka, na bado haitoi rangi kwenye ile nta. Jivu na maji baridi yangefanya nini? Alifikiria sahani iliyodondokewa na mshumaa. Unasugua, nta inasogea, inajaza ufa, wewe unadhani imetoka.

Aliingia ndani bila kubisha.

"Bwana Kassamali, kitie rangi hiki."

"Cha nani?"

"Si cha mtu. Nimekiosha sasa hivi."

"Ala! Leo unataka tumpime nani, Bi? Jivu?"

"Mpime jivu."

Kassamali alicheka, lakini alifanya. Akamwaga rangi nyekundu, akapitisha taa ya spiriti chini yake mpaka mvuke ukapanda, akaosha, akatia tindikali, akaosha, akatia buluu. Akainama. Akakisogeza kioo kidogo, kisha kidogo tena. Akafuta lenzi kwa kitambaa, akainama mara ya pili. Hakuwa anacheka tena.

"Vingapi?" aliuliza Mwanawema.

"Tisa."

Kassamali aliketi. Alivuta droo, akatoa bunda dogo la karatasi ya nta, na ndani yake mlikuwa na vioo vitatu vipya. Alikuwa amevihifadhi tangu mwanzo wa vita kwa ajili ya wagonjwa wa kutiliwa shaka sana.

"Mlete Hija kesho," alisema kwa sauti ya chini. "Nitampima kwa kipya. Akiwa safi, nitamwambia daktari jicho langu lilichoka. Lakini haya ya jivu, Bi, yabaki humu chumbani. Tangu vioo vianze kurudiwa tumepeleka watu kumi na mmoja kambini. Unaelewa?"

Mwanawema alielewa. Mmoja alikuwa Umkulthum wa Ole, aliyeacha watoto watatu. Lori lilipomfuata alishika mlango wa nyumba yake kwa mkono mmoja, ikabidi abanduliwe vidole.

"Na hao kumi na mmoja?"

"Wengine ni wagonjwa kweli. Unawaona kwa macho, vidole vimekwisha pinda."

"Na wengine?"

Kassamali alilirudisha bunda kwenye droo. Mwanawema alirudi uani. Alikuwa na binti mmoja na siku nne, na moyoni aliwaweka wale kumi na mmoja kando, akajua kwamba anawaweka.

Jumatano Hija alikuja, akakwaruzwa penye bato na kwenye masikio yote mawili. Kassamali alikaa kwenye hadubini kutoka saa tatu mpaka adhuhuri. Alipoinuka, jicho lake la kulia lilikuwa jekundu.

"Buluu tupu," alisema. "Hamna hata kimoja."

Hija alikaa chini pale pale sakafuni. Mwanawema alimwambia ainuke, sakafu imemwagikiwa dawa.

Alkhamisi daktari alifika. Alikuwa Mzungu mrefu, mchovu, aliyekijua Kiswahili cha kutosha kuuliza na kuamuru. Alisoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili.

"Jumatatu ndiyo. Jumatano siyo. Kwa nini?"

"Jicho langu lilichoka, Daktari," alisema Kassamali.

"Jicho likichoka huona kidogo. Haliongezi." Alichukua kalamu. "Karatasi ya kwanza inabaki. Mtu mwenye wadudu wachache unaweza usiwaone mara ya pili. Huyu ananyonyesha. Ataondoka Jumamosi."

Mwanawema alikuwa amesimama mlangoni na karai. Kassamali alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, kumwomba. Mwanawema alimwona.

"Si jicho," alisema. "Ni mimi. Vioo nimevisugua kwa jivu na kumbi. Mnasema wadudu wana nta. Hawatoki. Wamebaki kwenye mikwaruzo. Aliowaona ni wa mtu mwingine."

Daktari aliweka kalamu chini. Aliagiza kioo kilichooshwa kitiwe rangi mbele yake. Akatazama, akaagiza cha pili, na cha tatu. Cha pili hakikuwa na kitu. Cha tatu kilikuwa na vijiti vinne. Aliinuka, akauliza ni watu wangapi wamekwisha pelekwa, na Kassamali akamtajia.

"Kuanzia leo maabara hii haipimi ukoma," alisema daktari. "Vioo vyote vivunjwe. Tutaandika Unguja, walete vipya. Vikifika, wote kumi na mmoja watapimwa upya. Huyu wa kumi na mbili pia."

"Huyu amekwisha pimwa upya," alisema Mwanawema. "Kwa kioo kipya. Ni safi."

"Kwa rangi ya chupa ile ile, iliyotumika kwenye vioo vile vile, kwenye meza ile ile. Mama, umenionyesha sasa hivi kwamba hapa hakuna jibu ninaloweza kuliamini. Siwezi kuamini la ndiyo, siwezi kuamini la siyo. Ana bato, na akidungwa sindano hajui kama inauma. Nikimwacha na nikawa nimekosea, mtoto ataupata."

"Na ukimchukua ukawa umekosea?"

Daktari alimtazama. "Atarudi," alisema, akatia saini.

Kassamali hakumlaumu. Alisema tu, daktari alipokwisha toka, "Ungenyamaza, ningemwomba atupe wiki moja. Pengine angekubali." Mwanawema alijua kwamba pengine ilikuwa kweli.

Jumamosi Hija alipanda lori mwenyewe, hakungoja kushikwa. Alikuwa amemnyonyesha mtoto tangu alfajiri bila kumwachia, mpaka mtoto akashiba na kulala na kinywa wazi. Alimkabidhi kwa mama yake akiwa bado amelala.

"Akiamka mwambie..." alianza Hija.

"Ana miezi mitano. Nitampa uji."

"Basi mpe uji," alisema Hija, akakaa kwenye ubao, uso ameugeuzia upande wa barabara.

Vioo vipya vilichukua miezi minane kufika. Sanduku la kwanza halikufika, na sababu haikuelezwa; la pili lilikaa bandarini wiki sita likingoja karatasi. Mwanawema hakuwa akiosha tena vyombo vya maabara. Alihamishiwa jikoni, na Msellem alikwenda naye mgongoni. Miezi miwili ya mwanzo mtoto alikataa uji, akakonda, shingo ikawa nyembamba kuliko kifundo cha mkono wa bibi yake. Mwanawema alimwekea matone mdomoni kwa kidole, moja baada ya moja, mchana kutwa. Alikunywa kwa kuchoka, si kwa kutaka. Kisha akazoea.

Vilipofika vipya, wale wa kambini walipimwa. Kumi tu, kwa sababu Umkulthum wa Ole alikuwa amekwisha zikwa. Alishikwa na homa wakati wa masika. Kama alikuwa na ukoma au hakuwa nao, haitajulikana. Sita walikuwa wagonjwa kweli. Wanne walikuwa safi, na Hija alikuwa wa tano.

Alirudi kwa miguu kutoka njia panda, akiwa na kifurushi kimoja cha nguo. Bato lilikuwa pale pale, halikukua wala halikupungua. Kassamali alisema ni ugonjwa wa ngozi tu, mafuta yangetosha. Mwanawema alikuwa uani anachambua mchele, na Msellem amesimama ameshika goti lake, kwani alikuwa amejifunza kusimama.

Hija alichutama, akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama yule mwanamke mgeni, akaficha uso kwenye kanga ya Mwanawema, akapiga kelele.

"Mwache kwanza," alisema Mwanawema.

Hija aliishusha mikono. Kifuani kwake hapakuwa na maziwa tena, yalikuwa yamekauka tangu mwezi wa kwanza. Alikaa chini mbali kidogo, akamtazama mtoto akilia, hakusogea.

"Siku hizi hula nini?" aliuliza.

"Muhogo uliopondwa. Tui kidogo. Samaki ukimtoa miba."

"Na usingizi?"

"Hulala akishikwa sikio."

Hija aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maagizo ya kazi mpya. "Leo umlishe wewe," alisema. "Mimi nitatazama."