Namba Moja Iko Juu

Lori la Tofali lilipopiga mzinga wa kwanza asubuhi ile, kinyozi wa jirani alimkata mteja wake sikio. Si sana, ngozi tu, lakini yule mteja alitoka na kitambaa cha kinyozi shingoni akaja kututukana mpaka mlangoni mwa gereji, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Kisha nikawasha tena, lori likapiga mzinga wa pili.

"Mama," nikamwambia mama mkwe wangu, aliyekuwa amekalia tairi kuukuu akifuma kofia, "mwambie mwanao injini yake inatema moto kwenye kabureta."

Mwanaye, yaani mume wangu, alikuwa amesimama upande wa pili wa lori lilelile. Alinisikia vizuri kabisa.

"Mkeo anasema injini yako inatema moto," mama mkwe akasema bila kuinua uso.

"Mama, mwambie waya za plagi ni kazi yake, si yangu."

"Mumeo anasema waya ni zako. Na mimi nasema nyote wawili hamna akili, na hilo nalileta bila kutumwa na mtu."

Gereji ni yetu sote. Yeye ni fundi wa matumbo ya injini: pistoni, valvu, krenki, vyote vinavyozunguka kwenye oili. Mimi ni fundi wa umeme. Chochote chenye waya au cheche kinapita mikononi mwangu, na watu hutoka mbali kunitafuta. Basi Tofali, ambaye kazi yake ni kubeba matofali na jina lake ndilo hilo, alileta lori lake limekufa injini, pamoja na injini nyingine aliyoitoa kwenye lori bovu. Nikaikagua. Nikamwambia distributa ya ile injini, kile kidude kinachogawa moto kwa kila plagi, imelika, atafute nyingine. Tofali akanipa mgongo. Akamgeukia mume wangu. Na mume wangu, mtu niliyefungua naye gereji hii tukiwa na spana za kuazima, akacheka akasema, "Usimsikilize huyo, ni mke wangu tu."

Mke wangu tu!

Sikupiga kelele. Afadhali ningepiga, yangekwisha palepale. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, ambaye ana gereji yake mji wa pili na siku zote ananiomba tuungane. Akasema, "Njoo hata leo." Nikampelekea mume wangu ujumbe kupitia kwa mama yake: lori nitalimaliza, maana kazi ya watu siiachi njiani, lakini siku litakapotoka hapa natoka nalo, mimi na sanduku langu. Tofali anapita karibu na kwa dada, na alishakubali kunibeba. Mume wangu aliupokea ujumbe, akaingia chini ya gari la mtu akakaa humo mpaka jioni. Tangu hapo hatukusemeshana. Hata distributa nyingine ilipopatikana, aliiweka mezani kwangu kama mtu anayemwekea paka chakula, akaondoka.

Kwa hiyo kila mzinga uliopigwa ulikuwa unaniweka hapo siku moja zaidi, na mimi nilitaka kuondoka. Ndivyo nilivyojiambia.

Nikatafuta ugonjwa. Nilibadilisha plagi zote. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa kidole, nikihesabu mpangilio wa moto kwa sauti, ukawa sawasawa. Nikabadilisha koili. Nikaifungua kabureta, nikaiosha, nikaifunga. Nikaifungua tena kwa hasira, nikaiosha bila sababu. Nikawasha. Bu! Moshi ukanipaka uso. Mwalimu wa chekechea iliyo mtaa wa nyuma akaja kuuliza kwa adabu kama watoto wakae ndani au wazoee tu. Nikamwambia wazoee.

Lililobaki lilikuwa swali moja, na swali lenyewe lilikuwa la kumuuliza mume wangu.

Pistoni hupanda juu mara mbili. Mara moja hupanda ikigandamiza hewa na petroli, na hapo ndipo cheche inapotakiwa. Mara nyingine hupanda ikitoa moshi tu, na hapo cheche haina kazi. Kwenye puli ya mbele kuna alama inayokuonyesha kuwa pistoni namba moja iko juu, lakini alama haisemi imefuata nini huko juu. Siku zote, mume wangu akimaliza kufunga injini, huniita kwa sauti ya mnadani: "Namba moja iko juu, inagandamiza!" Nami huitikia, "Nimesikia!" ndipo naitumbukiza distributa. Safari hii alipanga alama, akafuta mikono, akaenda kunywa chai. Nami nikaiona alama, nikatumbukiza distributa yangu bila kuuliza. Kumuuliza? Heri ningemeza plagi.

Basi siku ya tatu mchana Tofali akaja, macho mekundu.

"Shikamoo mama. Shemeji, fundi, mimi nimechoka. Wajenzi wananingoja. Kila mtu njiani ananiuliza, vipi bomu lako? Leo likikataa nalivuta, nalipeleka kwa fundi mwingine."

Hapo nikaona aibu. Kuondoka ni sawa, lakini si kwa kuacha nyuma lori linalovutwa kwa kamba na watu wakisema ni kazi ya mikono yangu.

"Mama," nikasema, "mwambie mwanao aje anizungushie injini."

Mama mkwe akaweka kofia yake mapajani. "Mwambie mwenyewe, mwanangu. Posta imefungwa."

Nikatoa plagi ya namba moja. Nikaziba tundu lake kwa kidole gumba. Nikavuta pumzi.

"Zungusha."

Akaja na spana ndefu, akaipachika kwenye puli, akaanza kuvuta.

"Polepole," nikasema.

"Hivi?"

"Hivyo."

Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyokuwa nayo tangu siku ile, na moyo wangu, mpumbavu yule, ukaruka.

"Alama imefika," akasema.

Kidole changu hakikusikia kitu. Hakuna hewa, hakuna msukumo. Na rota ya distributa, kile kipande kinachozunguka ndani yake, ilikuwa inaangalia namba moja kwa kiburi kama shahidi wa uongo.

"Endelea. Mzunguko mmoja."

Akavuta. Alama ilipokuwa inakaribia tena, hewa ikanisukuma kidole ikatoka na mluzi. Hapo ndipo inapogandamiza. Nikaangalia rota: ilikuwa imegeukia upande wa pili kabisa.

"Nusu mzunguko," nikasema. "Imekaa kinyume."

Mume wangu akatikisa kichwa akiangalia chini.

"Maana yake nini?" Tofali akauliza.

"Maana yake moto unakuja wakati mlango uko wazi. Ni kama kuwasha jiko huku bado unamimina mafuta."

Nikaichomoa distributa, nikaigeuza, nikairudisha, nikakaza. Kazi ya dakika chache. Niliumia, nasema wazi. Niliumia kwamba ilikuwa rahisi hivyo, na kwamba sasa sikuwa na kisingizio cha kubaki. Nilikuwa nimeshatangaza safari kwa mdomo wangu mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Washa," nikamwambia Tofali.

Likawaka mara moja. Halikupiga mzinga wala kukohoa. Lilinguruma kwa nguvu, maana eksozi yake ilikuwa imetoboka kama chujio, lakini lilinguruma sawasawa. Tofali akaruka chini, akaikumbatia boneti mpaka ikamchoma. Akapandisha sanduku langu nyuma. Nikamuaga mama mkwe. Alinishika mkono akaangalia pembeni. Nikapanda mbele, nikafunga mlango.

Mume wangu akaja chini ya dirisha. Nikaona midomo yake inachezacheza.

"Nini?"

Midomo ikacheza tena. Sikusikia hata silabi.

"Zima," nikamwambia Tofali.

"Shemeji! Nizime? Hili hili?"

"Zima nimesema. Litawaka, nimelifunga mimi."

Akazima huku akinung'unika. Ukimya ukashuka mtaa mzima; hata kinyozi akatoka mlangoni na mashine yake mkononi kuona nani amekufa.

"Haya. Sema."

Mume wangu akamwangalia Tofali, akamwangalia kinyozi. Huyu ni mtu ambaye angekubali kukatwa kidole kuliko mteja atilie shaka kazi yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Namba moja. Kwamba niliiacha juu haigandamizi. Nilijua tangu mzinga wa kwanza. Nikanyamaza. Kila ulipofungua kabureta nilikuwa namwomba Mungu usiniulize."

"We fundi!" Tofali akafoka. "Wajenzi wangu wote hawa wamekaa..."

"Kimya, wewe," mama mkwe akamwambia.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu likiwaka unaondoka." Akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi kukuomba sijui. Najua injini tu. Nilikukosea mbele ya Tofali, basi mbele yake nasema: nilikosa. Usiende."

Nikamwangalia. Niliipasua na kuifunga ile kabureta mpaka kucha zikaniuma, nikapakwa masizi, nikatukanwa na mtu mwenye nusu kichwa, na muda wote huo mume wangu alikuwa na jibu mfukoni. Nilitaka kumrushia spana. Nilitaka pia kulia, nikalia, nikicheka katikati.

"Mjinga mkubwa wewe," nikasema.

"Ndiyo," akasema.

"Sasa mimi naenda au siendi?" Tofali akauliza.

Mume wangu hakungoja jibu langu. Akapanda nyuma, akalishusha sanduku kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba ndani mna mayai. Nikafungua mlango, nikashuka. Tofali akawasha, akaondoka bila kuaga, na sikumlaumu. Mume wangu akanishika mkono, mweusi wa grisi kama ulivyokuwa, mbele ya kinyozi na mtaa mzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yetu, na lori lilipokata kona bado alikuwa ameushika.