Kitanda Kimetangulia

Sauti yangu ni ya mama. Tangu nikiwa msichana, watu wakipiga simu nyumbani walinimwagia shida zao za kiutu uzima kabla sijawahi kuwakatiza. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi mimi sioni la kuchekesha.

Mimi ni katibu wa chama chetu, sisi tuliotoka kijiji kimoja tukaja kuishi ugenini. Mgeni akifika tunamtafutia chumba na kumsomea barua za ofisi. Vitanda na vifaa ambavyo hospitali za huku zinavitupa, tunavikusanya na kuvipeleka zahanati ya kwetu. Na mwenzetu akifa tunamzika, kisha katibu anapiga simu kijijini kutoa taarifa. Nimezitoa nyingi, bila kigugumizi. Ya mama, aliyefia huku kwangu, niliwaambia wenzangu waniachie, ni jambo la familia.

Jumapili iliyofuata maziko, kabla sijaitoa, simu ya mama ikaita. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake wa pekee, macho yamemwisha. Nilisema "haloo" tu.

"Dada, umepona?"

"Nimepona," nikajibu. Sijui nani alinituma.

Miezi minane sasa, kila Jumapili mimi ni mama. Nakohoa alivyokohoa, namgombeza mama mdogo alivyomgombeza. Nikikata simu naogopa kupita mbele ya kioo.

Miezi miwili iliyopita tulipakia kontena la vitanda. Kila kitanda hufungwa kadi yenye jina la familia iliyokitoa. Kwa familia yetu huku nimebaki peke yangu, lakini niliandika jina la mama. Siku zote alisema atarudi kufia kwao, nami nikamzika huku, kati ya watu asiowajua. Nilitaka angalau jina lifike.

"Marehemu atafurahi," alisema Mzee Kamba, dereva mstaafu anayefunga mizigo yetu utadhani inataka kutoroka. Akakaza fundo.

Jumatatu hii asubuhi, vitanda vimekwisha fika, nesi wa zahanati alinipigia nikiwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, shuka limenijaa mikononi.

"Katibu, kuna bibi amekaa kwenye kitanda chenu tangu jana. Nilimsomea jina kwenye kadi, akasema ni dada yake, anarudi mgonjwa, kitanda kimetangulia. Ametandika shuka lake mwenyewe na hataki mtu akiguse. Nina mama hapa uchungu umemshika na vitanda vingine vimejaa. Hebu mpe mama yako simu amwambie apishe."

Hata nesi hakuwa na habari. Nikaona yamenifika shingoni.

"Mpe yeye simu," nikasema.

"Dada?"

"Mama mdogo, ni mimi, mwanao. Dada yako alifariki. Miezi minane sasa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongea na wewe. Nisamehe."

Kwa mbali mwanamke mwingine aliguna kwa uchungu. Kisha mama mdogo akacheka, kicheko kile kile cha mama.

"Dada na utani wako. Ukiumwa ndiyo unazidi."

"Siyo yeye, mama mdogo. Nisikilize."

"Si nakusikiliza? Kwani sauti yako siijui?"

Yule mwanamke aliguna tena, safari hii kwa nguvu. Nesi alisema, "Bibi, tafadhali." Niliachia shuka likaanguka sakafuni.

"Mdogo wangu," nikasema, kwa sauti ile ile, maana sina nyingine. "Inuka. Mpishe mwenzako."

"Haya, dada. Ukisema wewe, nainuka." Nilisikia chuma cha kitanda kikilia. "Nitakungoja hapa kwenye benchi. Ila kuna jambo linaninyima usingizi."

"Jambo gani?"

Akashusha sauti, kama anayeogopa nesi asisikie.

"Huyo mwanao. Miezi minane sasa hajanisalimu hata mara moja. Usinifiche, dada. Yuko hai?"