Jiwe la Kilo Moja

…na kama mshale ungegusa sabini na saba tu, ukagusa na kukaa, basi Biryogo, mtaa wake, ingekuwa imeipita Buyenzi kwa wanene, na Kigali imeishinda Bujumbura mchana kweupe, mbele ya huyu Bigirimana mwuza vitenge aliyetoka huko Bujumbura juzi kuwacheka watu wa Biryogo kwa wembamba wao, ndivyo alivyowaza Maalim Gasana akiwa amesimama juu ya mizani uani pa zahanati, kifua mbele, mshale ukitetemeka kama ndevu za mbuzi anayetafuna… "Usitikisike, Maalim," akasema nesi Cécile, "mushale iko inacheza bado," naam, na ucheze, kwani katika watu mia waliopimwa Buyenzi wanene walikuwa kumi na wanne, na hapa katika tisini na tisa wamekwisha kupatikana kumi na wanne vilevile, na wa mia ni nani kama si yeye, ewe Mola mwenye takdiri, ni yeye, aliyesomesha mgawanyo wa mirathi maisha yake yote na kuielewa hesabu ya nesi kabla ya wenzake, kwamba uzito wa mtu hugawanywa kwa kimo chake mara kimo chake, likitoka thelathini au zaidi mtu huhesabiwa mnene, wala haiulizwi nani mnene kupita wote bali ni wangapi katika kila mia, na kwa kimo chake yeye zatakiwa kilo sabini na saba, naye anazo sabini na sita, na hiyo iliyopungua ipo, imo mfukoni, jiwe la shaba la mizani ya mchele ya mkewe Mukunde, alilochukua dukani akisema anakwenda kuwafundishia watoto, na koti nesi alipolitundika msumarini jiwe lilikwisha kuhamia mfuko wa kanzu… na kweli huwafundisha, kila Alhamisi, adhabu ya wapunjao vipimo, lakini walioonywa ni wapunguzao, huyu azidishaye ameonywa wapi, azidishaye si karimu?… "Muzee, jaza pumzi! Hiyo tumbo ya Kigali ni ya maji!" huyo Bigirimana, na Donatille mshonaji akamrukia, "Yewe, kaa kimya! Maalim analeta moja sasa hivi, utarudi kwenu na aibu!" na kicheko, na moyo wa Maalim ukiruka kama wa kijana wa posa… "Aibu gani? Sisi kule Buyenzi walitupima na makoti na vyatu, nani alitoa kitu? Liliane wa mandazi alipanda na mutoto mugongoni, wakaandika vile vile!" uwanja mzima ukacheka, hata nesi, naye Maalim akacheka, kisha akajiuliza, mtoto mgongoni?… basi wale kumi na wanne ni kina nani, wangapi ni watu na wangapi ni makoti, na huku wa kumi na tano atakuwa shaba, miji miwili imesimama kushindana kwa mizigo, na katikati ya mizigo hiyo aliye mzito kweli ni nani… Mukunde, Mukunde alipopanda asubuhi walimpigia vigelegele kama aliyefunga bao, naye Maalim alipiga makofi kuliko wote, Mukunde ambaye akipanda kilima kutoka bombani husimama mara tatu, mkono ukutani, akidai anasalimia majirani, na mumewe miaka yote akamsifu kwa ujirani mwema… na nesi alikuwa amesema, vigelegele vikamfunika, kwamba hesabu hii yatafutwa ili ijulikane wapi mioyo ya watu imechoka, dawa zitangulie wapi, ah, ikiwa Buyenzi wamezidisha na sisi tukazidisha, dawa itamfuata nani, itayafuata makoti?… na hapo furaha ikampanda tena, si ile ya kwanza, furaha ya mwanafunzi anayefunguliwa aya, kwamba kipimo ni kimoja ama si kipimo, wapimwe upya huku na huko, bila viatu, bila mtoto, bila jiwe, na Kigali ishindwe ikibidi, ishindwe vizuri… "Maalim, nilisema usitikisike," na mshale bado ukicheza, kumbe wakati wote aliyekuwa akitetemeka ni yeye, na jiwe limekwisha kupata joto la paja lake, vidole vikalifumbata, akamtafuta Mukunde kwa macho, yule pale amekaa kwenye benchi, akihema na kutabasamu, akimngojea ashinde, na mkono ukaanza kutoka mfukoni, Mukunde, mke wangu, shika jiwe lako…