Sahihi ya Mtoto wa Watu

...kunywa chai, chai tu, ndivyo anavyonong'ona Solanki, mbunge wa chama tawala aliyejisogeza kwenye kiti cha jirani kama mtu aliyekuja kumpa pole mfiwa, "Ndugu yangu Nongsiej, toka ukanywe chai, robo saa haizidi, ukirudi mswada umeshapita na faili halijafunguliwa," na faili lenyewe Donbok analiona kutoka hapa alipo, mstari wa mwisho nyuma ya nguzo, ndiko wanakowaweka wabunge wa vyama vyenye mbunge mmoja, faili la kijani chini ya kiwiko cha waziri, na waziri bado anasifu barabara, akimaliza barabara ataingia viwandani, akitoka viwandani atapanda vilima vya Umsawriang vyenye mawe ya kutengenezea saruji, na hapo, Donbok akiwa bado kitini, ndipo atakapolifungua, "wananchi wenyewe wameridhia, Mheshimiwa Spika," na ataanza kusoma majina ya wakuu wa kaya arobaini na mmoja waliotia sahihi kwamba vilima vichukuliwe, na jina la kwanza kabisa ni Donbok Nongsiej, mwalimu wa shule ya msingi... yeye huyu, mbunge wa Chama cha Vilima, aliyesimama juu ya lori kwenye mvua miezi miwili akipiga kelele kwamba vilima haviuzwi mpaka sauti ikamkauka, na watu wakamchagua kwa kelele hizo, ee Mungu wangu, na Solanki anamnong'oneza sikioni, "Hatutaki kukudhalilisha, kaka, sisi ni watu wazima," watu wazima, hao hao ambao mlinzi wao wa getini alimwomba pasipoti siku ya kwanza, akaitazama sura yake ya milimani akamuuliza ametoka China ama wapi, naye akamjibu mimi ni wa India kuliko wewe, babu zangu walikuwa wanahukumu kesi barazani kabla huu mji wako haujawekewa taa, na mlinzi akacheka akampisha, na tangu siku ile Donbok hupita lile geti kifua mbele hata kama hakuna anayemtazama, maana anajua amewabeba watu gani mgongoni, watu ambao mgeni akifika hata kama ni adui huwekewa tambuu kwanza ndipo aulizwe shida yake... tambuu, ndiyo, tambuu ndiyo iliyomponza, siku ile ya soko, soko la kwao ni kila siku ya nane na wanawake wote huenda, walishaondoka alfajiri na vikapu vya machungwa na pilipili manga, kamba ya kikapu kwenye paji la uso, kijijini wamebaki wanaume na watoto na vyungu, mvua inamwagika kama kawaida yake, ndipo akaja afisa mmoja wa serikali, kalowa chapachapa, viatu mkononi, akauliza, "Mkuu wa kaya yuko wapi?" na mzee Bah Shanbor akamjibu bila hata kutabasamu, "Ameenda sokoni," na wanaume wote wakaangua kicheko mpaka watoto nao wakacheka wasilolijua, afisa peke yake hakucheka, alidhani wanamdhihaki, kumbe walikuwa wamemwambia kweli tupu, mkuu wa kaya alikuwa sokoni anauza machungwa.

Angeondoka wakati ule, basi, lakini Bah Shanbor alishampa popoo na jani na chokaa, na afisa akatafuna, jasho likamtoka, masikio yakawa mekundu, wakamcheka tena kwa wema, na mtu akishatafuna tambuu ya nyumba humrudishi mikono mitupu, hiyo haipo, wala hakuomba mbuzi, aliomba majina tu, "jina na sahihi, wakuu wangu, nisipopeleka karatasi hii nitafukuzwa kazi," na Bah Shanbor akasema, "Mpeni, maskini, ana watoto huyo," na kweli nani angemnyima, sahihi ya mume ni kitu gani, ardhi ni ya ukoo wa Khongsit, mtunzaji wake ni binti wa mwisho, yaani Daphisha, mkewe Donbok, na wa kusema mbele za watu ni mjomba wake, mume ni mtoto wa watu tu, amekuja kuoa akapewa kitanda, sahihi yake juu ya ardhi ile ni sawa na ya mpita njia, ndivyo walivyowaza wote wakichekana, na kwa kuwa Donbok ndiye aliyejua kusoma alianza yeye, kisha akawashika vidole wazee mmoja mmoja akaviminya kwenye wino, arobaini, anavikumbuka vile vidole, vigumu, vina harufu ya chokaa, na jioni wanawake waliporudi hakuna aliyesema neno, kwani kulikuwa na neno gani, mgeni alikuja, akalowa, akaenda zake... "viwanda, Mheshimiwa Spika, viwanda vitakavyowaondoa ndugu zetu wa milimani katika giza!" na mabenchi ya mbele yanapigwa makofi, giza gani wewe, njoo uone mahali ambapo binti hazaliwi watu wakanuna, njoo uone msitu wa mababu ambao hutoki na jani hata likikuangukia kichwani unalirudisha, na Solanki anatazama saa, "Ameshafika viwandani, kaka, unangoja nini?" anangoja nini kweli, si ainuke, aseme tumbo linamuuma, nani hajawahi kuumwa tumbo, huko nyumbani hawatajua, watasikia tu kwamba mbunge wao hakuwemo, lakini wewe, watasikia, wamekaa kusikia, Daphisha kapiga simu asubuhi, "Redio tumeiweka jikoni, mama amekaa, mjomba Khrawbok kafika tangu alfajiri kashakula wali sahani mbili, sasa wewe usimung'unye maneno, sema kama unagombeza wanafunzi," na nyuma yake sauti ya mama mkwe, Mei Trosilin, "Mwambie akirudi huko uheshimiwa wake aache uwanja wa ndege, kuni zimeisha," na jiko zima likacheka, na yeye akacheka, ilhali faili alishaonyeshwa jana, aliiona sahihi yake, alivyoukunja ule mkia wa mwisho kwa madaha kama anasaini hundi, na hao wa jikoni hawajui, na wakilisikia jina lake kwenye redio likisomwa na waziri, mjomba Khrawbok ataweka sahani chini, Daphisha hatapiga kelele, Daphisha akikasirika hukunja nguo, atazikunja shati kwa shati, atazipanga mlangoni, na mwanamume atarudi kwa mama yake akiwa na nywele nyeupe, na hilo ndilo linalomtisha, uchaguzi mtu hushindwa akagombea tena, lakini jiko lile, watu wale, kicheko kile...

"Twende," Solanki kamshika kiwiko, mkono laini, mkono wa mtu aliyezoea kutoa watu ukumbini, "leo umetusaidia, kesho tutakusaidia," na kesho, aha, kesho, maana faili halitachomwa, litarudi kabatini likalale, na mwakani kutakuja mswada wa mto, kaka toka ukanywe chai, na mwaka wa pili mswada wa msitu, chai tena, atanywa chai mpaka vilima viishe, na anamtazama Solanki usoni kwa mara ya kwanza, mtu mwenyewe si mbaya, anaamini anamwokoa, anaamini kabisa kuna kitu Donbok alikuwa nacho akakiuza, na sasa anaona haya... na haya hizi ni za nani, subiri kwanza, haya hizi ni za mtu mwenye mali, mimi nina mali gani pale, sina hata shubiri, nikiificha hii sahihi maana yake nakubali kwamba inaweza kitu, nakubali kwamba mume anaweza kushika kalamu akagawa ardhi ya watoto wa mkewe wakati mwenyewe yuko sokoni, na nikikubali hilo mimi, nani atakataa, hapo ndipo vilima vinapouzwa, si siku ile ya mvua, ni leo, kwenye kikombe cha chai... na jingine, sema usimung'unye, lile ambalo hakulisema hata kwenye toba, kwamba wazee waliweka vidole hawajui kusoma lakini yeye alisoma, palikuwa pameandikwa "mmiliki", na likamkaa vizuri moyoni, lo, likamkaa vizuri, mara moja tu katika maisha yake mtu amemwita mwenye nyumba, ndiyo maana ule mkia aliukunja kwa madaha, hiyo ndiyo aibu yake, hiyo hasa, na si ya Solanki kuishika, si ya waziri, ni ya jikoni, itapelekwa jikoni kwa wenyewe, wakitaka kukunja nguo wakunje.

"Siendi," anasema Donbok.

"Utaaibika, mbele ya nchi nzima."

"Niache nikae, bwana."

Na ajabu, kifua kimempanda kuliko siku aliyoapishwa, anabonyeza kitufe cha kuomba nafasi, taa nyekundu inawaka mbele yake, Spika hajaiona bado, waziri yungali viwandani, kiwiko kingali juu ya faili, Solanki kanuna anafuta miwani, dakika tatu wanazopewa wa mstari wa mwisho hazitoshi hata tambuu kuwa nyekundu mdomoni lakini zinamtosha yeye, ameshaitoa kichwani ile hotuba ya kurasa nne aliyokuwa ameiandaa, takwimu zake na vifungu vyake, hataanza na chama wala jimbo, ataomba kutoa taarifa kabla waziri hajasoma jina la kwanza, "Mheshimiwa Spika, hilo jina msilisome, nalisoma mwenyewe, naitwa Donbok, mume wa Daphisha Khongsit, nakaa kwa mama mkwe, nilitoa kisicho changu kwa sababu niliitwa mwenye nyumba nikafurahi, na mwenye nyumba ninyi hamjamuuliza mpaka leo, yuko jikoni, anatusikiliza."