Bluu ya Kufulia kwenye Ukuta wa Chini

Siku ya kumi na nane ya mayai, Elieth alishuka kwenda chumba cha chini akiwa na kikombe cha chai mkononi, na alipomaliza ngazi, mguu wake ukazama ndani ya maji.

Hakupiga kelele. Alisimama hivyo hivyo, mguu mmoja umelowa na mwingine mkavu, akatazama. Ndala zake za kazini zilikuwa zikielea karibu na ukuta kama bata wawili. Chumba kilikuwa kimya, na kimya hicho kilimshtua kuliko maji yenyewe. Pampu ilikuwa hailii.

"Rhobi!" aliita. "Rhobi mwanangu, zima swichi kubwa! Usishuke, zima kwanza!"

Huko juu mke wa mwanawe alikimbia, na taa ikazimika. Baadaye kichwa cha Rhobi kikachungulia mlangoni.

"Mama, mvua si imekatika tangu juzi?"

"Imekatika."

"Sasa haya yametoka wapi?"

Swali hilo lilimwingia Elieth na halikutoka tena.

Katika mtaa mzima wa Nkende, hapa Tarime, huwezi kupata nyumba nyingi zenye chumba chini ya ardhi. Marehemu Simioni, mume wake, alikichimba mwenyewe kwenye mteremko akitaka stoo ya wimbi, na majirani wakamtania kwamba anajichimbia handaki. Simioni alipofariki, Elieth aligundua kwamba chumba kile hakipati joto kali mchana wala baridi kali usiku. Akamwita seremala amtengenezee humo humo sanduku kubwa la kutotoleshea vifaranga, lenye rafu za mayai na balbu za joto kwa chini, limesimama kwa miguu ya mbao inayofika magotini. Lilijengwa ndani kwa sababu lisingepita mlangoni, na lisingetoka pia. Maji ya ardhini yalikuwapo tangu zamani, kidogo kidogo. Kwa hiyo pembeni kulikuwa na shimo la kuyakusanya, na ndani ya shimo pampu ndogo yenye boya. Maji yakipanda boya linapanda, pampu inajiwasha. Yakishuka, inajizima.

Asubuhi ile maji yalibakiza shubiri moja tu kufika kwenye balbu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na mayai mia mbili na kumi na mawili. Yalikuwa ya wanawake wa mtaani, kila yai limeandikwa kwa penseli herufi ya mwenyewe, na asiyejua kuandika alichora alama yake. Arobaini yalikuwa na herufi W. Hayo ni ya Winfrida wa Nyambureti, ambaye ugonjwa wa mdondo ulimfagilia kuku wote bandani, wakabaki matetea wanne waliokuwa kwa dada yake. Alikusanya mayai ya matetea hao, akasafiri na kikapu mapajani hadi Tarime. Elieth aliyapokea akamwambia, "Njoo baada ya wiki tatu na boksi." Alisema hivyo kwa uhakika kabisa, bila hata kusema Mungu akipenda. Sasa jambo hilo lilimchoma.

"Chemsha maji," alimwambia Rhobi. "Jaza kila chupa tuliyo nayo, uzifunge na khanga. Tutazipanga kwenye rafu badala ya balbu."

"Zitatosha?"

"Zitatufikisha jioni. Baada ya hapo sijui."

Fundi Athuman alifika saa nne, amefunga injini ya pampu nyuma ya pikipiki. Pampu hiyo ya petroli alikuwa amewatengenezea wachimbaji wadogo wa Nyakunguru, na bado hawajaja kuichukua.

"Shikamoo mama Joel."

"Marahaba. Shuka uone."

Athuman akakunja suruali, akashuka, akaitoa ile pampu ndogo shimoni na kuinusa. "Imeungua. Na hii mpya, nimekufungia mwenyewe wiki tatu zilizopita!"

"Na ya kwanza?"

"Nayo iliungua."

"Basi tatizo siyo pampu."

Athuman alimtazama. "Pampu inaungua ikifanya kazi bila kupumzika, mama. Hii haikupumzika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu boya halikushuka. Maji hayakuisha."

"Kwa nini hayakuisha?"

"Mama Joel, hapo ndipo shule yangu inapoishia." Akaigonga injini yake. "Lakini usihofu. Hii imekausha maduara ya dhahabu, mashimo marefu kuliko mnara wa simu. Itashindwa na chumba cha kuku?"

"Cha mayai," alisema Elieth. "Kuku bado."

Mpira wa kutolea maji waliuvuta hadi kwenye migomba upande wa juu wa nyumba, pale pale lilipoishia bomba la pampu ya zamani. Injini ikanguruma. Katika nusu saa maji yalishuka kiganja kizima, Rhobi akapiga kigelegele kifupi cha majaribio. Wakaizima injini ipoe. Kabla haijapoa, kile kiganja kilikuwa kimerudi.

Wakarudia. Yakashuka, yakarudi.

"Hii siyo kawaida," alisema Athuman, na utani ulikuwa umemtoka. "Wachimbaji wangesema shimo lina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, nina hati," alijibu Elieth. Lakini hakuwa akimsikiliza vizuri. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na tochi ya simu, akitazama ukuta wa nyuma, ule unaoelekea migomba. Kulikuwa na ufa mwembamba juu ya shimo, na ufa ulikuwa unatoka jasho. Injini ilipokaa imezimwa kwa muda, jasho lilipungua. Ilipowashwa, baada ya muda lilizidi. Alihesabu mara mbili ili asijidanganye.

"Rhobi," aliita. "Niletee bluu ya kufulia. Pakiti zote."

"Unataka kufua, mama?"

"Lete tu."

Aliikoroga kwenye ndoo hadi maji yakawa rangi ya sare za shule, akapanda nayo hadi kwenye migomba. Kabla ya kumwaga aliinamisha kichwa. Kwa kawaida sala zake zilikuwa ndefu, zenye kuwataja wagonjwa wote wa mtaa mmoja mmoja. Safari hii ilikuwa fupi. "Bwana, siombi unikaushie maji. Nionyeshe tu yanakopita." Akamwaga ndoo yote pale mpira ulipokuwa unatema maji, akarudi kukaa kwenye ngazi.

Athuman na Rhobi walikuja kukaa nyuma yake. Muda wa kuchemsha chai ukapita, na mwingine kama huo. Kisha kwenye ufa likatokea tone moja la bluu. Likajivuta, likateleza ukutani, likaacha mstari. Likafuata lingine.

"Yesu wangu," alisema Elieth taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri.

"Ni maji yetu wenyewe," alisema Rhobi. "Tunayatoa, yanarudi?"

"Yananywewa na udongo wa migombani, yanafuata ukuta, yanaingia." Elieth alisimama, akaugusa ule mstari, akaitazama bluu kidoleni. "Mwezi mzima pampu imekuwa ikiyazungusha maji yale yale. Maji ya mvua ni machache. Mengine tumeyafuga."

Alimgeukia Athuman, na Athuman akatazama vidole vya miguu yake.

"Fundi, ulijua?"

"Kwamba yatarudi? Hapana, wallahi. Lakini siku ile nafukia bomba nilijiuliza kwa nini nalielekeza juu wakati mteremko uko chini. Ulinionyesha pa kuchimba, mama, ukasema huku chini kwa mkwe haiwezekani. Mimi baba yangu ni mtu wa Pangani. Mambo yenu na wakwe nayaogopa. Nikanyamaza, nikachimba."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na lilikuwa la Elieth. Chini ya nyumba yake kulikuwa na boma la Mzee Mwikwabe, baba yake Rhobi. Tangu mwanawe Joel amwoe Rhobi, Elieth hakuwahi kupita uwanjani kwa mzee huyo bila kujifunga kitenge vizuri, na mzee hakuwahi kuvuka sebule ya Elieth. Kumwachia mkwe maji ya shimoni yapite mlangoni kwake! Hata kulifikiria ilikuwa aibu. Ndiyo maana bomba lilipanda juu.

"Niende mimi," alisema Rhobi. "Ni tata wangu. Nikimwambia tata, anasikia."

"Ukienda wewe, nitakuwa nimemtuma binti akamwombee mama mkwe kwa baba yake. Haya maji ni yangu."

"Mama, chupa zinapoa."

"Najua."

Alibadilisha nguo hata hivyo. Akafunga kitambaa kichwani, akanawa mikono, ingawa bluu haikutoka, akateremka.

Mzee Mwikwabe alikuwa nje akifunga mpini wa jembe. Alimwona, akasimama, akafuta kigoda kwa kofia yake.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, mkwe. Karibu. Watoto wazima?"

"Wazima. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na yule aliyechechemea?"

"Amepona." Mzee alimtazama vidole. "Mkwe, umeshika nini?"

Elieth alikuwa amepanga kuanza mbali, na hata mafungu ya maneno alikuwa ameyaweka tayari njiani. Yote yakamtoka. "Bluu ya kufulia," alisema. "Mkwe, nimekuja kuomba njia ya maji. Chumba cha chini kimejaa, mayai ya watu yanakufa, na pa kuyatolea maji pengine sina. Ni mpaka kwako tu."

Mzee bado alikuwa akivitazama vidole. "Bluu inahusikaje?"

Basi ikabidi amweleze: pampu mbili zilizoungua, injini ya wachimbaji, jasho la ufa, ndoo, na tone lililotokea ukutani. Mzee alisikiliza huku ameegemea jembe, na kila mara akauliza kitu. Lilichukua muda gani kutokea? Lilikuwa bluu kabisa au limepauka? Elieth alijibu, na kadiri alivyojibu aibu ilipungua.

"Na bomba mlilielekeza juu kwa nini?" mzee aliuliza mwishoni.

Elieth alitazama chini. "Kwa sababu chini ni kwako."

Mzee Mwikwabe alitazama juu kwenye migomba. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mkwe! Umeyapandisha maji mlimani kwa ajili ya heshima yangu?"

"Nilidhani ndiyo adabu."

"Ni adabu. Adabu kubwa mno. Lakini maji hayajaoa kwetu." Akaliweka jembe begani. "Yasipite mbele ya lango la ng'ombe tu. Hapo hata mimi sitakubali. Nyuma ya choo kuna mteremko mpaka mtaro wa barabara. Wewe mura, kijana!" alimpigia kelele Athuman, aliyekuwa akichungulia kutoka juu. "Leta mpira wako huku! Na koleo!"

Mpira haukufika nyuma ya choo. Ulipungua hatua kama ishirini, kwa hiyo walichimba mfereji, mzee na Athuman mbele, Elieth na Rhobi wakitoa udongo. Mzee alikataa kupumzishwa. Injini ilipowashwa tena, maji yalitoka na rangi hafifu ya bluu, yakapita nyuma ya choo, yakashuka barabarani. Mzee akayafuata kwa miguu hadi mtaroni, kuona kama kweli yanaendelea.

Chumbani maji yalishuka kiganja, kisha kingine, na hayakurudi. Saa kumi na moja kasoro sakafu ilionekana. Athuman alikagua nyaya zote, akawasha balbu, akaenda kuswali Alasiri akiwa amechelewa. Elieth alifungua sanduku. Rafu za juu zilikuwa na uvuguvugu bado. Rafu ya chini kabisa, iliyokuwa karibu na maji, ilikuwa baridi kama ukuta. Humo, kati ya mayai mengine, kulikuwa na kumi na tano yenye W.

Hakuyatoa. Aliyapandisha juu, akafunga, akaomba.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, mzee Mwikwabe alibisha hodi. Alisimama sebuleni, akakohoa.

"Mkwe, kama siyo vibaya, ningependa kuuona ule mstari wa bluu."

Elieth alisita kidogo tu. "Karibu chini, mkwe. Shika ukuta, ngazi ni fupi."

Alishuka. Aliutazama mstari, akaupima kwa kidole, akaridhika. Lakini sasa sanduku lilikuwa linapiga kelele, vilio vidogo vingi kwa pamoja. Elieth alimpa yai moja lililokuwa na tundu. Mzee akaliweka sikioni, macho yakamtoka.

"Linagonga," alinong'ona. "Anajuaje kwamba huku nje kuna mahali?"

"Hata mimi nimejiuliza miaka yote."

Kufikia adhuhuri vilikuwa vimetoka vifaranga mia na sitini na mmoja. Mayai ya Winfrida yaliyokuwa rafu za juu yalitoa ishirini na watatu. Ya rafu ya chini, Elieth aliyainua moja moja mbele ya tochi. Kumi na matatu yalikuwa yamekufa. Mawili yalikuwa na tundu.

Alikaa kwenye ngazi, akampigia simu Winfrida, akamweleza yote bila kuficha, kuanzia bomba alilolipandisha juu mpaka yale kumi na matatu.

Elieth aliusikia upepo wa Nyambureti kwenye simu.

"Mama," alisema Winfrida, "hao ishirini na watatu, wamesimama?"

"Wamesimama. Wanagombana."

"Na hao wawili?"

Elieth alisogeza tochi. Kwenye yai moja mdomo ulikuwa ukifanya kazi, polepole, kwa bidii. Lingine lilikuwa limetulia.

"Mmoja anakuja," alisema. "Wa pili sijui bado. Usikate simu, namtazama."