Tano ya Bwana Okudera

Kanoko alikubali kukutana na yule mwanamume kwa sababu moja tu: shangazi yake Fumie, aliyemtafutia mchumba, alimwambia kuwa mwanamume huyo naye anapenda mafumbo ya namba, yale ya kujaza visanduku bila kurudia namba katika mstari wala safu. Kanoko, fundi wa meno ya bandia katika mji wa Sendai, Japani, alikuwa na kabati zima la majarida ya mafumbo hayo.

Wakakaa mgahawani karibu na stesheni. Bwana Okudera, muuzaji wa viyoyozi, akatoa jarida lake kwa mbwembwe, akaanza kujaza visanduku kwa kalamu ya wino. Kwa wino! Kila alipokwama aliandika namba yoyote, ikikataa akaikata, akaandika nyingine. Ukurasa ukachafuka kama kitambaa cha kufutia meza.

"Unabahatisha," Kanoko alisema.

"Si ndiyo raha yenyewe?"

Kanoko alimtazama jinsi anavyotazama jino lililochongwa vibaya. Mtu mzima, amevaa tai, anabahatisha! Akachukua penseli yake, akafungua ukurasa mgumu kuliko yote ili amwonyeshe kazi ya mtu mwenye akili. Akaenda vizuri mpaka katikati, kisha akakwama. Chai ikapoa. Keki ya bwana Okudera ikaisha, akaagiza nyingine.

Hatimaye akanyoosha shingo. "Dada Kanoko, hapo kwenye kona weka tano uone."

"Kwa nini tano?"

"Basi tu. Inaonekana kama tano."

"Inaonekana! Kwani ni sura ya mtu?"

Bwana Okudera akacheka mpaka makombo yakamruka mdomoni. Kanoko akafunga jarida, akalipa chai yake, akaaga kwa kuinama kidogo kuliko adabu inavyotaka.

Ndani ya treni akalifungua tena. Alifuata mstari kwa mstari, safu kwa safu, akitupa kila namba isiyowezekana, na alipokaribia kushuka ile kona ikabaki na jibu moja. Tano. Akaiandika kwa hasira mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Kesho yake shangazi Fumie akapiga simu.

"Amekupenda, mwanangu. Anauliza mtaonana lini."

"Mwambie hapana."

"Amekukosea nini?"

"Amebahatisha, shangazi. Halafu akapatia!"

"Sasa kosa liko wapi?"

Kanoko alijaribu kumweleza. Shangazi alisikiliza kidogo, akaguna, akamwambia kwamba kuanzia sasa ajitafutie mwanamume yeye mwenyewe.

"Nitajitafutia," Kanoko alisema, "na hatakuwa mjinga mwenye bahati."